Mgeni Aliyeitwa Amwadhibu Jirani

Malindi na Mombasa hazikupatana. Anayetaka kuelewa jinsi pwani ya Waswahili ilivyoingia mikononi mwa Wareno aanzie hapo, kabla hajafika kwenye mizinga na merikebu. Ni miji miwili iliyo umbali wa kilomita 120 hivi. Watu wake walisema lugha moja, wakaelekea kibla kimoja, wakafanya biashara na wafanyabiashara wale wale wa Bara Hindi na Uarabuni. Mombasa ilikuwa kisiwa chenye maji ya kina na mlango mwembamba wa bahari, bandari ambayo kila nahodha aliitamani. Malindi ilikuwa na mashamba mazuri na bandari iliyo wazi kwa upepo. Mombasa ilikuwa na nguvu zaidi, na Malindi ilijua hivyo, ikaumia.

Ugomvi wa aina hiyo haukuwa ajabu. Kila mji wa pwani ulikuwa na mtawala wake, msikiti wake wa Ijumaa na fahari yake. Kilwa ilikuwa imeneemeka kwa dhahabu ya Sofala; wasultani wake walipiga sarafu zenye majina yao, na juu ya jabali linalotazama bahari likajengwa jumba la Husuni Kubwa, lenye vyumba zaidi ya mia. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akaisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Malindi nayo ilimpelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415, na baada ya hapo merikebu za amiri wake Zheng He zikafika hadi pwani hii, kubwa kuliko zote ambazo Wareno wangekuja nazo. Wachina walifika, wakabadilishana zawadi na bidhaa, wakarudi kwao. Hawakuacha ngome hata moja.

Habari hiyo ya Wachina ina uzito, maana ndiyo inayoeleza kosa la Malindi. Kwa karne nyingi mgeni wa Bahari ya Hindi alikuja na kaskazi akaondoka na kusi. Alishusha nguo, shanga na sahani za kaure, akapakia pembe za ndovu, dhahabu na boriti, akalipa ushuru, akangoja upepo. Aliyekaa sana alioa, akazaa, akawa mwenyeji. Hapakuwa na aliyedai kwamba bahari yote ni milki yake na kila apitaye humo amwombe ruhusa. Basi merikebu ngeni zilipoonekana mwezi Aprili 1498, sultani wa Malindi alikuwa na uzoefu wa babu zake wote wa kumwambia kwamba mgeni ni neema. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hakuwa na njia ya kujua kwamba miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1494, Ureno na Hispania zilikuwa zimeketi katika mji wa Tordesillas zikagawana nchi na bahari ambazo hazikuwa zao, nyingi zikiwa hata hazijawahi kuziona.

Lakini kulikuwa na mambo ambayo angeweza kuyajua, na hayo ndiyo yanayonisikitisha.

Vasco da Gama aliondoka Lisbon Julai 1497 akiwa na vyombo vinne. Alipofika Kisiwa cha Msumbiji mwezi Machi 1498 aligombana na wenyeji, akaupiga mji mizinga. Tarehe 7 Aprili alifika Mombasa. Kati ya watu aliowabeba kutoka kusini wapo waliojitosa baharini usiku wakaogelea kumkimbia. Yeye naye aliwatesa mateka wake wawili kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini ili waseme kama kuna njama. Mombasa ikamtilia shaka, akang'oa nanga. Akiwa njiani kwenda kaskazini alikamata chombo kidogo chenye watu 17, mmoja wao mzee aliyekuwa na mkewe. Ni mateka hao waliomweleza kwamba Malindi kuna vyombo vya Wahindi na kwamba angeweza kupata rubani huko. Kwa hiyo mgeni alitia nanga Malindi akiwa na watu wa pwani hii aliowateka merikebuni mwake, na harufu ya baruti ya Msumbiji bado haijamtoka.

Malindi ilimpokea kwa heshima kubwa. Mmoja wa watu wa msafara huo aliandika alichokiona: nyumba ndefu zilizopakwa chokaa, minazi iliyouzunguka mji, mashamba ya nafaka na mboga. Sultani alitoka kwa mashua akiwa na joho la thamani, kiti chenye mito na mwavuli wa hariri nyekundu juu yake, huku wapigaji wawili wakipuliza pembe za ndovu zilizochongwa, ndefu kama kimo cha mtu, zenye tundu la kupulizia ubavuni. Anayeijua siwa ya Pate ataitambua mara moja. Wakaonana majini, maana Vasco da Gama alikataa kushuka nchi kavu kwa kisingizio kwamba bwana wake hakumruhusu.

Baada ya siku chache za ngoma na zawadi, rubani aliyeahidiwa akawa hajaja. Mtumishi wa karibu wa sultani alipofika merikebuni, Vasco da Gama alimkamata, akatuma ujumbe mjini kwamba hatamwachia mpaka rubani aletwe. Rubani akaletwa. Tarehe 24 Aprili wakatweka, na tarehe 20 Mei wakawa wamefika pwani ya Calicut. Njia ambayo Ureno ilikuwa imeitafuta kwa miongo mingi ilifunguliwa na mtu aliyetolewa Malindi.

Sultani alikuwa amekwisha kuona kila alichohitaji kukiona. Mtu wake mwenyewe alifanywa rehani katika bandari yake mwenyewe, na aliyefanya hivyo alikuwa bado anakula chakula chake. Anayemshika mtu wako akiwa mgeni kwako atakufanyia nini siku atakapokuwa mwenye nyumba? Hilo ndilo swali ambalo Malindi haikujiuliza. Haikujiuliza kwa sababu macho yake yalikuwa Mombasa. Mgeni huyu alikuwa amekosana na Mombasa, na hilo peke yake lilitosha kumfanya rafiki.

Januari 1499 Wareno walirudi kutoka Bara Hindi wakiwa hoi. Ugonjwa wa kiseyeye ulikuwa umewaua wengi hata hawakuwa na mikono ya kutosha kuendesha vyombo, na baada ya kuondoka Malindi walilazimika kuichoma merikebu yao moja. Malindi iliwapa machungwa, nyama na mayai, ikawapa pembe ya ndovu wampelekee mfalme wao, ikawaruhusu wasimike nguzo ya jiwe yenye msalaba na nembo ya Ureno. Nguzo ipo hadi leo, na watalii hupiga picha pale. Kwa Malindi ilikuwa alama ya urafiki. Kwa Ureno nguzo kama hizo zilikuwa alama za madai ya mfalme wake, na alizisimika kila alikofika.

Miaka michache tu ikatosha. Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi na kundi kubwa la merikebu za vita, akatia nanga Kilwa, akamtishia mtawala wake, Emir Ibrahim, kwamba atauchoma mji asipolipa kodi ya dhahabu. Dhahabu ikalipwa, ikapelekwa Lisbon, na mwaka 1506 sonara Gil Vicente akakamilisha kuifua kuwa chombo cha ibada ambacho kinaitwa Monstransi ya Belém. Kimo katika jumba la makumbusho la Lisbon, na watu hukistaajabia. Dhahabu yake ni kodi ya kwanza ya Kilwa. Mwaka 1503 ikawa zamu ya Zanzibar: Ruy Lourenço Ravasco alizuia vyombo vyake baharini, akaupiga mji, akaondoka na ahadi ya kodi ya kila mwaka.

Kisha ukaja 1505. Francisco de Almeida, aliyeteuliwa kuwa naibu wa mfalme huko Bara Hindi, alifika Kilwa mwezi Julai. Emir Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa, ngome ikajengwa, na Muhammad Ankoni, mmoja wa wakubwa wa mji, akavishwa taji na watu waliokuwa wamemaliza kuwaibia raia wake. Mwaka uliofuata Ankoni aliuawa. Mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome ile, wakiuacha nyuma mji uliokuwa umevunjika.

Kutoka Kilwa Almeida alikwenda Mombasa. Mombasa haikukubali. Sultani wake alikuwa amekusanya wapiga mishale kutoka bara, na watu waliporomosha mawe kutoka juu ya paa za nyumba katika vichochoro ambamo Wareno walipita kwa shida. Lakini mji ulikuwa umetiwa moto usiku uliotangulia. Nyumba zikavunjwa milango moja baada ya nyingine. Nguo za hariri na za Cambay zilikuwa nyingi kuliko nafasi iliyokuwa merikebuni, na zulia moja zuri likachaguliwa apelekewe mfalme Manuel.

Wareno walipoondoka, sultani wa Mombasa aliyekimbilia minazini alifanya jambo ambalo naliheshimu kuliko mambo mengi katika historia ya pwani hii. Aliketi akamwandikia adui yake. Barua ilikwenda kwa Sayyid Ali, sultani wa Malindi, na maudhui yake yamehifadhiwa. Alimweleza ukatili uliofanywa, kwamba hawakusazwa wanawake wala watoto; kwamba uvundo wa maiti ulimzuia yeye mwenyewe kuingia mjini mwake; kwamba mali iliyochukuliwa haina hesabu. Akamsihi apate habari hizo ili ajilinde.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Mombasa ilikuwa imenyolewa kwa kisu kibutu, na bado ilipata moyo wa kumwonya aliyeicheka. Kama Malindi ingalijibu barua ile kwa ujumbe wa rambirambi, kwa jahazi moja la nafaka, kwa shauri la siri kati ya watawala wawili, labda mambo yangalikwenda vingine. Malindi iliendelea na urafiki wake. Tristão da Cunha alipopita mwaka 1507, sultani wa Malindi alimlalamikia juu ya miji iliyomsumbua, na Wareno wakaenda kuiadhibu. Oja ikapigwa ikachomwa. Lamu ikakubali kulipa kodi kabla ya kupigwa. Barawa ikakataa, ikaporwa ikatiwa moto, na waandishi wa Kireno wenyewe wanasimulia kwamba askari waliwakata wanawake mikono na masikio ili wasichelewe kuvua vikuku na vipuli. Mwaka 1528 Nuno da Cunha akaishukia Mombasa tena, watu wa Malindi wakiwa pamoja naye, na alipoondoka mwaka uliofuata akaiacha majivu kwa mara ya pili.

Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wareno walivuna wakati ndugu bado wanagombana.

Na Malindi ilipata nini? Wareno waliweka hapo wakala wao wa biashara na kapteni wa pwani. Lakini bahari ilikuwa imekwisha kubadilika. Kila chombo kilipaswa kubeba hati ya Kireno iliyoitwa kartazi, yenye kueleza kinatoka wapi, kinakwenda wapi na kimebeba nini. Kilichokamatwa bila hati kilipoteza shehena, na mara nyingi watu wake pia. Hata vyombo vya miji rafiki vilihitaji hati hiyo. Dhahabu ya Sofala, iliyokuwa damu ya biashara yote ya pwani, sasa ilitakiwa ipite katika ngome ya Wareno huko huko Sofala. Mji unaoishi kwa upepo na ushuru hauwezi kunawiri chini ya utaratibu huo, awe rafiki au adui aliyeuweka. Mwaka 1542 padri Francis Xavier alipita Malindi akielekea Goa, na mzee mmoja mwenye heshima akamlalamikia kwamba kati ya misikiti 17 ya mji ni mitatu tu iliyokuwa bado ikiswaliwa. Mzee yule alilaumu imani iliyopoa. Mimi naona pia mji uliokuwa ukipungukiwa na watu na riziki.

Hapa ni lazima niwe mkweli kuhusu Mombasa, nisije nikaifanya malaika. Nayo ilitafuta mwenye bunduki wake. Katika miaka ya 1580 nahodha Mturuki, Mir Ali Bey, alikuja kutoka Bahari ya Shamu, na Mombasa ikamfungulia mlango kwa furaha ili awafukuze Wareno. Faza nayo ikajiunga naye, na mwaka 1587 Wareno wakaiadhibu kwa kuua mtawala wake na kukata minazi yake. Mwaka 1589 Ali Bey akiwa amerudi Mombasa, merikebu za Wareno kutoka Goa zilimshambulia kutoka baharini huku wapiganaji wa Wazimba, waliokuwa wamepanda kutoka kusini, wakiingia kisiwani kutoka bara. Mji ukavunjika kwa mara nyingine.

Wazimba walipoendelea hadi Malindi, Wareno waliokuwapo walikuwa wachache mno kuuokoa mji. Waliouokoa ni Wasegeju, majirani wa bara, waliotokea nyuma ya Wazimba wakawamaliza. Muda si mrefu Wasegeju hao hao waliitwaa Mombasa na kumkabidhi sultani wa Malindi. Tafakari hapo: kwa karibu miaka mia Malindi iliwabembeleza Wareno waivunje Mombasa, na siku ilipoipata, iliipata kwa mkono wa jirani Mwafrika.

Sultani akahamia Mombasa, bandari ambayo babu zake waliitamani. Wareno wakahamia pamoja naye. Tarehe 11 Aprili 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, iliyosanifiwa na Mwitalia Giovanni Battista Cairati juu ya jabali la matumbawe mlangoni mwa bandari, na hapo ndipo kila kitu kilipogeuka. Sultani aliahidiwa theluthi ya ushuru wa forodha. Forodha ilikuwa yake, bandari ilikuwa yake, mji alikuwa ameupata, lakini aliyekata mafungu matatu alikuwa mwingine, na hata fungu lake lilikuja kwa kusuasua. Wakuu wa ngome walikuja kwa zamu za miaka michache, kila mmoja akiwa na haraka ya kutajirika kabla zamu yake haijaisha. Pembe zilizokuwa mali ya wafanyabiashara wa mji zikawa mali ya mkuu wa ngome. Sultani aliandika barua za malalamiko Goa na Ulaya. Alikuwa mfalme aliyeomba.

Mwanawe, Hasan bin Ahmad, hakuwa mwombaji. Aligombana waziwazi na mkuu wa ngome, na mwaka 1614 ikambidi akimbilie bara kwa watu ambao hati za Kireno zinawaita Wamusungulo. Wareno wakawahonga nguo watu waliompa hifadhi. Akauawa, kichwa chake kikakatwa kikapelekwa Goa. Tangu siku ile ya mwavuli wa hariri na siwa za pembe hadi kichwa cha mtawala wa Malindi kusafirishwa kama shehena, ni miaka 116.

Mtoto wake Yusuf alikuwa mdogo wakati huo. Alipelekwa Goa akalelewa na mapadri wa Kiaugustino, akabatizwa jina la Dom Jerónimo Chingulia, akatumikia katika merikebu za Wareno, akaozwa mke kwa desturi zao. Baada ya zaidi ya miaka kumi walimrudisha Mombasa awe mfalme wao Mkristo. Walidhani wamemaliza kazi: mtoto wa rafiki aliyeuawa amegeuzwa kuwa Mreno. Mkuu wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa, alimdharau kama waliomtangulia walivyomdharau baba yake. Kisha watu wakamwona Yusuf akiomba kwa desturi ya Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, na habari zikafika ngomeni. Yusuf akatambua kwamba atakamatwa. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamchoma kisu mkuu wa ngome.

Kilichofuata sikisifu. Wareno waliuawa, wanawake na watoto wakiwemo, na pamoja nao Waafrika Wakristo waliokataa kuacha dini yao. Yalikuwa mavuno ya mambo yaliyopandwa kwa muda mrefu, lakini waliovunwa wengi hawakuwa wapandaji. Merikebu zilizotoka Goa mwanzoni mwa 1632 kuikomboa ngome zilishindwa, na bado Yusuf aliona hataweza kukaa. Mwezi Mei akabomoa alichoweza, akapakia mizinga, akaondoka kwa merikebu aliyoiteka. Akawa haramia wa bahari ile ile ambayo ukoo wake uliisaidia Ureno kuifungua, hadi alipofariki miaka michache baadaye. Wareno walirudi mwaka huo huo. Hawakuweka sultani mwingine Mombasa. Juu ya lango la ngome wakachonga maandishi ya kumsifu mkuu wao Francisco de Seixas de Cabreira kwa kuitiisha miji ya pwani, mmoja baada ya mwingine.

Ukoo wa Malindi ukaishia hapo. Mji wa Malindi wenyewe, ulioachwa na watawala wake kwa ajili ya Mombasa, ukapungua hadi ukawa magofu yaliyomezwa na vichaka, na ilibidi uanzishwe upya chini ya wasultani wa Zanzibar katika karne ya 19.

Wapo watakaosema Malindi haikuwa na hiari: mji mdogo, kando ya jirani mkubwa, ungefanya nini? Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Ukiwa dhaifu huchagui sana. Lakini naipima hivi: madhara ya Mombasa yalikuwa na kikomo. Mombasa ingeweza kuichukulia Malindi vyombo, kuikata biashara, hata kuitoza kodi; kesho yake wangeoleana, wakapatana mbele ya masharifu, wakagombana tena. Madhara ya Ureno hayakuwa na mtu wa kuyasuluhisha, kwa sababu aliyeyaamua alikaa Lisbon, na hapakuwa na kaburi la babu yake hapa. Mwenye mzinga aliyekuja kwa ombi lako hana sababu ya kuondoka kwa ombi lako.

Wala si pwani yetu peke yake. Katika miaka ile ile ya mwanzo ya Wareno pwani hii, ng'ambo ya bahari nyingine, watu wa Tlaxcala walimpa Hernán Cortés maelfu kwa maelfu ya wapiganaji dhidi ya Waazteki waliokuwa wakiwaonea. Tenochtitlan ilianguka Agosti 1521. Wahispania waliokuwapo walikuwa mia kadhaa. Jeshi lililouangusha mji lilikuwa la wenyeji. Watlaxcala walipewa heshima na misamaha fulani, kisha nao wakawa raia wa mfalme wa Hispania kama maadui wao.

Hesabu hiyo ya watu ndiyo ambayo vitabu vyetu vya shule huipita haraka. Askari wa Ngome ya Yesu katika nyakati za kawaida walikuwa takriban mia moja. Mia moja hawaitawali pwani kutoka Barawa hadi Sofala. Walitawala kwa sababu kila walipotaka kuupiga mji mmoja, mji mwingine uliwapa maji, nahodha, chakula na habari.

Na tulirudia. Watu wa Mombasa waliwaita Waomani wawatoe Wareno, na baada ya ngome kuzingirwa tangu Machi 1696 hadi Desemba 1698, Wareno wakatoka na Waomani wakakaa. Pate ikachoshwa na Waomani, ikawaita Wareno warudi mwaka 1728. Mwaka uliofuata ikabidi watu wawafukuze tena, kisha ujumbe ukaenda Muscat kuomba liwali. Karibu na mwaka 1812 Lamu iliwashinda Pate na Mombasa katika vita vya Shela, na badala ya kufurahia ushindi ikaogopa kisasi, ikamwomba Sayyid Said wa Oman alete askari. Alileta, na Lamu haikuwa huru tena. Mazrui, ukoo uliokuwa ukitawala Mombasa, walipoona zamu yao inakuja, mwaka 1824 walimpokea Kapteni Owen wa Uingereza na kupandisha bendera yake wenyewe ngomeni. Waingereza walikaa hadi 1826 wakaondoka. Mwaka 1837 Sayyid Said akaichukua Mombasa, na wakubwa wa Mazrui wakasafirishwa uhamishoni ambako hawakurudi. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba milki ya Sultani wa Zanzibar barani ni ukanda wa maili kumi kutoka baharini. Si Malindi, si Mombasa, si Lamu iliyoulizwa.

Walimu wanaowapeleka wanafunzi Malindi kuitazama nguzo ya Vasco da Gama, nawaomba jambo moja. Msiishie kuwaeleza nani aliisimika na mwaka gani. Wasomeeni pale pale barua ya sultani wa Mombasa kwa Sayyid Ali, kisha waulizeni wao wangemjibu nini.